Kombe la mtoano timu 22 Chamwino: droo, ratiba na matuta tupangeje?

Katibu_Mashindano

Mbukwenyi wakuu. Huku Chamwino tuna kombe la vijiji, mtoano mtupu, kwa mfano wa Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania. Timu zilizothibitisha ni 22. Viwanja viwili, vyote vya vumbi. Siku za kucheza ni Jumamosi na Jumapili tu, mechi moja kwa kila uwanja kwa siku. Kuanza ni Juni, watu wakishatoa mtama na uwele shambani.

Kamati imegawanyika. Wapo wanaosema tupange mechi 11 siku za mwanzo halafu tutaona mbele ya safari. Wengine wanasema hapo tutakwama. Pia hatujakubaliana sare iishe vipi: dakika 30 za nyongeza au matuta (mikwaju ya penalti) moja kwa moja? Na mamluki, wachezaji wa kukodi, tunawazuiaje? Mwenye uzoefu wa kuandika kanuni za mtoano atupe mchanganuo wa kueleweka.

---

Ndoo_ya_Droo

Mkuu, wanaosema mtakwama wako sahihi. Namba 22 inadanganya kwa sababu inagawanyika kwa mbili. Mkicheza mechi 11 zinabaki timu 11, hapo moja inapita bila kucheza. Zinabaki 6, kisha 3. Nusu fainali inakuwa na mechi moja, na timu ya tatu imekaa chini ya mbuyu inasubiri fainali. Timu ileile ikibahatika mara mbili inafika fainali imecheza mechi mbili, mwenzake kacheza nne. Ugomvi wake hauishi hata baada ya kombe kukabidhiwa.

Mtoano unataka 2, 4, 8, 16, 32. Chukua namba iliyo juu ya timu zako, yaani 32, toa 22, unapata 10. Hizo 10 zinapita bila kucheza, na iwe raundi ya kwanza tu. Timu 12 zilizobaki zinacheza mechi 6, washindi 6 wanaungana na zile 10, mnapata 16 kamili. Kuanzia hapo hakuna anayesubiri mtu. Jumla ya mechi ni timu toa moja, kwa hiyo 21. Ukiongeza ya mshindi wa tatu ni 22.

Nani apite bila kucheza? Amueni kwa maandishi kabla ya droo. Kombe la Shirikisho lenyewe halianzi na wote pamoja: timu za chini huchujana kwanza, za Ligi Kuu zinaingia baadaye. Nyie mnaweza kuwapa nafasi hiyo waliofika nusu fainali mwaka jana na sita zilizobaki zikatoka kwenye ndoo. Ila kama hili ni kombe la kwanza, zote 10 zitoke kwenye ndoo, msianze kupimana ukubwa.

Droo yenyewe ifanyeni siku moja, mpaka fainali. Kwanza mnatoa timu 12 za raundi ya kwanza, mbilimbili. Halafu ndoo mbili: ya kwanza ina karatasi sita zilizoandikwa "Mshindi M1" hadi "Mshindi M6", ya pili ina majina 10 ya waliopita. Kila mshindi anapewa mpinzani mmoja kutoka ndoo ya pili. Humo zinabaki timu nne, mnazipanga zenyewe kwa zenyewe, mechi mbili. Mwisho mnazipa hizo mechi nane namba za robo fainali, nazo kwa kuchota.

Faida ya utaratibu huo utaiona kwenye ratiba. Zile mechi mbili za mwisho hazimsubiri mshindi yeyote, kwa hiyo zinaziba pengo la wiki ya pili. Kwa viwanja viwili uwezo wenu ni mechi nne kwa wikiendi:

Wiki 1: raundi ya kwanza, mechi 4.
Wiki 2: raundi ya kwanza mechi 2, na zile 2 za 16 bora zisizosubiri mtu.
Wiki 3: 16 bora, mechi 4.
Wiki 4: 16 bora mechi 2 za mwisho, robo fainali 2 ambazo wahusika wameshapatikana.
Wiki 5: robo fainali 2.
Wiki 6: nusu fainali.
Wiki 7: mshindi wa tatu Jumamosi, fainali Jumapili.

Wiki saba tu. Wiki ya 5 na ya 6 zina nafasi wazi, ziacheni hivyohivyo. Msiba mkubwa kijijini au rufaa inayochelewa ndiyo vitakavyozila.

Jambo dogo linaloharibu droo: karatasi. Zikatwe sawa, zikunjwe mara mbili zote, na anayechota awe mtoto au mgeni asiye na timu. Chati iandikwe kwenye karatasi kubwa ukutani huku watu wanaona, makatibu wote 22 wasaini, ipigwe picha hapohapo. Na ikitokea wababe wawili wamekutana raundi ya kwanza, msirudie. Ukirudia droo mara moja, kila atakayefungwa baadaye atadai irudiwe.

---

Filimbi_ya_Bahi

Nachukua la sare. Wengi hubishana kuhusu haki ya nyongeza na matuta, wakati kwa uwanja usio na taa jibu linatoka kwenye saa.

Piga hesabu. Dakika 90, mapumziko 15, za majeruhi tuseme 7 kwa vipindi vyote: 112. Kujipanga kwa nyongeza 5, nyongeza yenyewe 30, kubadilishana magoli na majeruhi 3: mmefika 150. Matuta pamoja na kurusha sarafu, kupanga watu na kupiga, 15. Jumla dakika 165, saa mbili na dakika 45. Ukianza saa 10 alasiri unamaliza saa 12:45 jioni. Jua la Dodoma kipindi hicho linazama kama saa 12:30. Mkwaju unaoamua mechi utapigwa gizani, na kipa atakayefungwa atakuwa na hoja.

Kwa hiyo raundi ya kwanza hadi robo fainali: dakika 90 kisha matuta, mwanzo saa 10. Hapo hata mechi ndefu inaisha saa 12:10 hivi. Nusu fainali na fainali: wekeni nyongeza, lakini filimbi ya mwanzo iwe saa 9 kamili. Sheria inaruhusu njia zote mbili, ilimradi kanuni zenu zimetamka kabla ya mashindano kuanza.

Fainali bila nyongeza inapoteza utamu, nakiri. Fainali ya Kombe la Shirikisho msimu wa 2016/17 ilichezwa hapahapa Dodoma, Uwanja wa Jamhuri, Simba na Mbao FC ya Mwanza. Dakika 90 ziliisha bila bao. Blagnon wa Simba akafunga kwenye nyongeza, Ndaki Robert wa Mbao akasawazisha, Shiza Kichuya wa Simba akamaliza kwa penalti mwishoni kabisa, 2-1. Mabao yote matatu ya siku ile yamo ndani ya dakika 30 ambazo kamati nyingi za vijijini zinazifuta.

Sasa matuta, maana huku ndiko marefa wa mitaani wanakoboronga:

Sarafu inarushwa mara mbili. Ya kwanza ni ya goli litakalotumika, ya pili ni ya nani aanze. Nahodha anayeshinda ile ya pili ndiye anayechagua kuanza au kufuata. Ila refa anaweza kuamua goli bila sarafu kama kuna sababu ya msingi, mfano eneo la kipa lina shimo au mashabiki wamejaa nyuma ya nyavu.

Wanaopiga ni waliokuwa uwanjani filimbi ya mwisho ilipolia, pamoja na aliyetoka kwa muda kutibiwa au kurekebisha viatu. Aliyetolewa kwa mabadiliko hapigi, hata awe fundi kiasi gani. Kama timu moja imebaki na 10 kwa sababu ya kadi nyekundu, nyingine inapunguza mmoja ili wawe 10 kwa 10. Hili lisiposimamiwa, timu yenye 11 inamficha mpigaji wake mbovu mwishoni, wakati wenzao wameshaanza kurudia mzunguko.

Mikwaju mitano kila upande, kwa zamu, na inasimama mara tu upande mmoja unapokuwa hauwezi tena kufikiwa kwa mabao. Fainali ya 2022 Arusha, Yanga na Coastal Union walitoka 3-3, matuta yakaisha 4-1. Kwa matokeo hayo hakukuwa na haja ya kumaliza mikwaju yote kumi. Ya 2024 Zanzibar, Yanga na Azam 0-0, matuta 6-5, maana yake mitano haikutosha wakaendelea mmojammoja. Huko hakuna anayepiga mara ya pili kabla wenzake wote hawajapiga, kipa naye yumo.

Kadi ya njano ya ndani ya mchezo haihamii kwenye matuta. Mchezaji mwenye njano ya dakika ya 60 akipewa nyingine wakati wa mikwaju hatoki. Hiyo ilibadilika 2022 na bado kuna marefa wanatoa nyekundu. Kipa akitoka mapema kwenye mstari na kuokoa, mkwaju unarudiwa: mara ya kwanza onyo la mdomo, akirudia njano. Akitoka mapema lakini mpira ukapaa juu au ukagonga mwamba ukarudi, haurudiwi, labda tu kama mwendo wake ulimvuruga mpigaji waziwazi.

Refa aandike kila mkwaju kwenye kadi yake, na msaidizi mmoja aandike pia. Mmoja akisahau, mwingine anayo.

---

Nkuhungu_Kwetu

Samahani nawatoa nje kidogo ya mada. Mmetaja Coastal 2022. Mbona Namungo alifungwa fainali 2020 akaenda kucheza Kombe la Shirikisho Afrika, Coastal kafungwa fainali 2022 hakwenda? Kanuni ni ipi hapo?

---

Ndoo_ya_Droo

@Nkuhungu_Kwetu angalia idadi ya tiketi kwanza. Nchi 12 za juu kwenye viwango vya miaka mitano vya CAF, shirikisho la soka Afrika, zinapeleka timu mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Kombe la Shirikisho Afrika. Zilizo chini yake zinapeleka mojamoja.

2020 Simba alibeba ligi na kombe, akimfunga Namungo 2-1 Sumbawanga. Msimu wa Afrika uliofuata tulikuwa na tiketi mojamoja. Simba akaenda Ligi ya Mabingwa, tiketi ya kombe ikamwangukia aliyefungwa fainali. Namungo akaitumia mpaka makundi.

Tiketi zikiwa nne, msimamo wa ligi ndio unaojaza. 2021 Simba alibeba vyote tena, Yanga wa pili akaenda Ligi ya Mabingwa, wa tatu na wa nne, Azam na Biashara United, wakaenda Shirikisho. 2022 Yanga alibeba vyote, na wa nne alikuwa Geita Gold. Ndiyo maana hat-trick (mabao matatu) ya Sopu wa Coastal kwenye fainali haikuipa Coastal safari. 2024 hao hao Coastal wakamaliza wa nne, wakaenda, bila hata kufika fainali. Singida Black Stars 2025 walikuwa wa nne na pia walifungwa fainali, kwa hiyo mfano wao haukuonyeshi chochote.

Katibu, kuna somo lako humo: kama bingwa wenu atawakilisha tarafa ngazi ya wilaya, andikeni sasa hivi nani anakwenda asipoweza.

---

Karatasi_na_Muhuri

Mamluki. Mchezaji wa kukodi haletwi siku ya mechi na watu wajinga. Analetwa na wanaojua orodha yenu ina mwanya. Mianya iko mitatu.

Wa kwanza ni orodha isiyo na picha. Kila timu ilete majina 25, picha ya kila mmoja, kitongoji anachoishi, na muhuri wa mtendaji wa kijiji kila ukurasa. Muhuri ugonge nusu kwenye picha nusu kwenye karatasi, kama kitambulisho cha zamani, ili picha isibandikwe upya. Nakala mbili: moja kwa katibu, moja inakwenda uwanjani na kamisaa, msimamizi wa mechi.

Wa pili ni dirisha lisilofungwa. Orodha ifungwe siku saba kabla ya mechi ya kwanza, na iwe imefungwa kweli. Timu zilizopita bila kucheza zitaomba kuongeza watu kwa hoja kwamba hazijaanza. Kataeni. Zikikubaliwa, zitachukua wachezaji wazuri wa timu zilizotolewa raundi ya kwanza, na hapo ndipo mashindano ya mtoano yanapooza. Mchezaji aliyesajiliwa kijiji kimoja amefungwa hapo hata kikitolewa.

Wa tatu ni muda wa rufaa. Kwenye ligi rufaa inaweza kusubiri, pointi zikakatwa baadaye. Kwenye mtoano, timu ikishacheza raundi inayofuata huna pa kuirudisha. Malalamiko yatamkwe kwa nahodha mbele ya refa kabla wachezaji hawajatawanyika, yaandikwe, yafike kwa katibu ndani ya saa 24 na ada yake. Kamati itoe uamuzi kabla ya Jumatano jioni. Ada irudishwe kwa anayeshinda rufaa. Timu yenye kosa inatolewa, na ile iliyofungwa nayo inachukua nafasi yake. Msiandike "mechi irudiwe", maana kurudia kunamlipa aliyedanganya nafasi ya pili.

Wajumbe wa rufaa wawe watatu au watano, wasiwe viongozi wa timu yoyote. Kama hakuna watu huru kijijini, ombeni chama cha soka cha wilaya kiwape. Kwao mtahitaji kupita hata hivyo kwa ajili ya kibali na waamuzi.

Kadi: njano mbili, mechi moja nje. Msiweke tatu. Timu iliyopita bila kucheza ina mechi nne tu hadi fainali, na kwa njano tatu utakuwa umeandika adhabu isiyomgusa mtu. Zifuteni njano za moja moja baada ya robo fainali, kama Kombe la Dunia linavyofanya, ili mtu asikose fainali kwa njano ya wiki tano zilizopita. Nyekundu haifutwi.

Na timu isipofika? Dakika 30 kwa saa ya refa, kisha ushindi wa mezani. Mechi haianzi upande mmoja ukiwa na wachezaji pungufu ya saba.

---

Kamba_na_Chokaa

Hamjagusa uwanja, na penalti nusu zinabishaniwa kwa sababu ya mistari.

Pembe za uwanja zipimwe kwa kamba ya mita 6, 8 na 10. Ukivuta 6 upande mmoja, 8 upande wa pili, na 10 ikaunganisha ncha hizo mbili, pembe ni mraba. Kwa macho tu utakuta upande mmoja una mita 64 na mwingine 61.

Eneo la penalti linapimwa kutoka ukingo wa ndani wa nguzo ya goli, mita 16.5 kwenda pembeni na 16.5 kwenda mbele. Kosa la kawaida ni kupima kutoka katikati ya goli, boksi linakuwa na upana wa mita 33 badala ya 40.32. Faulo za pembezoni mwa boksi, ambazo ni za ndani, zinahesabiwa nje. Alama ya penalti ni mita 11 kutoka katikati ya mstari wa goli. Goli lenyewe mita 7.32 kwa 2.44. Pimeni magoli yote mawili, yale ya miti huwa yanalala upande mmoja.

Kwa uwanja wa mita 100 kwa 64, mistari yote ikijumlishwa inakaribia mita 700. Kwenye vumbi, chokaa kavu inapeperushwa kabla ya kipindi cha pili. Mwagieni maji mstari kwanza, kisha mpake chokaa iliyokorogwa kwa brashi ya ukuta. Iwe iliyokwishazimwa. Chokaa mbichi inaunguza ngozi, na mchezaji akianguka nayo machoni ni hospitali.

Kama mnaweza kuchagua kati ya viwanja viwili, fainali iende kwenye ule wenye magoli kaskazini na kusini. Uwanja uliolala mashariki-magharibi unamfanya kipa mmoja atazame jua la jioni kipindi kizima.

---

Katibu_Mashindano

Shukrani wakuu. Kamati imekubali 10 wapite bila kucheza, na nyongeza nusu fainali na fainali tu, saa 9. Limebaki moja limeulizwa kikaoni likakosa jibu: kipa akiumia katikati ya matuta na timu imeshamaliza nafasi zake za mabadiliko, inakuwaje?

---

Filimbi_ya_Bahi

Kama nafasi za mabadiliko zingekuwa bado, angeingia mchezaji wa akiba aliyeandikwa kwenye fomu. Kama zimeisha lakini kuna mwenzao aliyetolewa kusawazisha idadi, huyo anaweza kurudi kuwa kipa. Kama hakuna hata huyo, mmoja wa wapigaji anavaa glavu, wanabaki 10, na wapinzani nao wanapunguza mmoja. Kipa aliyetoka harudi tena wala hapigi. Na kama alikuwa ameshapiga mkwaju wake kwenye mzunguko ule, aliyeingia badala yake hapigi mpaka mzunguko unaofuata.

Mwambieni kila kocha, kabla ya mechi, aandike jina la kipa wa dharura nyuma ya fomu ya timu. Kanuni hailazimishi, lakini itawaokolea dakika kumi za mabishano jua likiwa linazama.